Sindano Zote Zimekaliwa

Sindano zangu za milimita 5 zimekaliwa na blanketi la mtoto. Za milimita 4 zina sweta la kijani lililobaki mikono. Zile tano nyembamba za soksi natembea nazo kwenye mkoba, na za duara, zile mbili zilizounganishwa kwa waya, zimeshika mtandio wa matundu ambao nimeacha kuutaja mbele za watu, maana kila nikiutaja naulizwa utaisha lini. Katikati ya yote hayo, Jumamosi ijayo naanza kufundisha kufuma katika ukumbi wa kanisa mtaani kwetu, hapa Mbeya. Waliojiandikisha ni akina mama ambao wengi hawajawahi kushika sindano ya kufumia, mabinti wawili watatu waliomaliza kidato cha nne, na kijana mmoja wa bodaboda aliyesema waziwazi kwamba atakayemcheka atamwacha njiani siku ya mvua.

Shangazi yangu wa Tukuyu, ndiye aliyenifundisha, ana sheria moja: hujafunga kazi ya kwanza, huanzishi ya pili. Yeye hufuma seti za watoto wachanga, yaani kofia, sweta na soksi, moja baada ya nyingine, na sijawahi kumkuta na uzi wa kazi mbili nje ya mfuko. Akija kwangu hutazama vikapu kwanza, kisha ndiyo ananitazama mimi. "Mwanangu, njia mbili zilimshinda fisi." Namwamkia, nampokea mzigo, halafu namwambia hapa njia ni nne na fisi bado anatembea.

Tofauti yetu ni moja tu. Shangazi anafuma akiwa amekaa kufuma. Mimi sina saa ya namna hiyo. Saa zangu ni vipande vipande, na kila kipande kina tabia yake.

Sweta la kijani ni la daladala. Mwili wa sweta, ukishavuka ule ukingo wa chini unaovutika, ni kufuma mbele mstari mzima, yaani kwa kitanzi cha kawaida, kisha kufuma nyuma mstari mzima, yaani kwa kitanzi kilichogeuzwa, na macho hayahitajiki. Kutoka Mbalizi kwenda Uyole, malori ya Tunduma yakiwa yamejaa barabara na foleni ya Nzovwe haisogei, napata sentimita mbili nzima. Abiria wa pembeni huanza kwa kuchungulia kwa adabu. Tukifika Mafiati tayari ananishauri rangi ya mikono.

Soksi ni za kusubiri: benchi la hospitali, kikao cha wazazi shuleni, foleni ya benki mwisho wa mwezi. Zinaingia mkobani pamoja na donge lake la uzi na haziombi nafasi. Kisigino tu ndicho kinachotaka nyumbani, kwa sababu pale unageuka katikati ya mstari na lazima uhesabu, na huwezi kuhesabu wakati mwalimu wa taaluma anasoma matokeo ya mwanao.

Blanketi halitoki mlangoni. Limeshakuwa zito, linanifunika magoti wakati nalifuma, na usiku wa Julai hilo ni jambo jema. Jiji letu liko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10 bila kuomba ruhusa. Makete na Njombe ndiyo usiseme, kule asubuhi nyingine unakuta umande umeganda juu ya majani ya viazi. Lakini ikifika Oktoba, jua la kabla ya mvua likiwaka, blanketi hilo hilo haligusiki. Ndiyo maana limevuka mwaka.

Mtandio wa matundu unataka watoto wamelala na umeme upo. Kila mstari una hesabu yake, na ukikosea kitanzi kimoja ua zima linapinda. Kila nikimaliza mistari kadhaa bila kosa napitisha uzi mwembamba wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote vya mstari huo na kuuacha humo. Nikiharibu huko mbele, nafumua mpaka kwenye ule uzi na kazi inasimama hapo hapo. Anayefuma matundu bila uzi wa namna hiyo ana moyo kuliko mimi.

Kwa hiyo nikihesabu vizuri sina kazi nne zinazogombana. Nina kazi moja kwa kila aina ya saa niliyonayo. Wanaodhani tatizo la kazi nyingi ni muda hawajawahi kutafuta sindano, maana ndizo zinazokwisha kwanza. Darasa linataka milimita 5, na milimita 5 ziko kwenye blanketi.

Dawa yake ni rahisi. Unachukua uzi laini wa rangi tofauti na sindano butu ya kushonea masweta, unahamisha vitanzi vyote kimoja kimoja, unafunga ncha mbili za uzi ule, basi: sindano ni huru na blanketi limelala salama. Andika kwenye karatasi ukubwa wa sindano uliyotoa na mstari ulioishia, kisha ibane kwenye kazi kwa pini. Bila karatasi hiyo utarudi na sindano nyingine, na nusu ya blanketi itakuwa pana kuliko nusu nyenzake.

Hiyo imenipa jozi moja tu. Za wanafunzi nimezitengenezesha kwa fundi seremala, za mianzi. Mianzi tunayo tele Nyanda za Juu Kusini, ndiyo hiyo hiyo inayowapa watu wa Iringa na Njombe ulanzi, na iliyokomaa ikakauka vizuri hupasuka kwa unyoofu. Unaichonga, unaipiga msasa mkali, halafu msasa laini, halafu unaisugua kwa nta mpaka uzi uteleze bila kunasa. Mwisho wa kila sindano tumegundisha shanga ili vitanzi visitokee nyuma. Shangazi zetu wengi walianzia kwenye spoku za baiskeli, na spoku bado ni sindano nzuri ya soksi, kwani unene wake wa kawaida ni milimita 2. Kwa mtu wa kwanza kabisa, chuma chembamba ni adui: kinateleza, vitanzi vinadondoka kabla hajavielewa. Mwanzi unavishika kidogo. Ukidondosha mkono, kitanzi kinakungoja.

Fundi huyo huyo amenitobolea kibao cha kupimia sindano, matundu yake kwa biti za milimita 3, 4, 5 na 6. Hicho kibao nakithamini kuliko vitabu vyote vya mitindo, na sababu yake ni namba zilizochongwa kwenye sindano. Sindano nyingi za zamani tunazozikuta sokoni zinafuata hesabu ya Kiingereza, ambako namba ikikua sindano inakonda: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25, namba 6 ni milimita 5. Mitindo mingi ya bure kwenye intaneti inatoka Marekani, na kule hesabu inakwenda kinyume. Namba 8 yao ni milimita 5. Sasa chukua mtindo wao wa vitanzi 100, shika namba 8 ya sokoni kwetu, ufume kwa imani. Kwa uzi wa unene wa kati, milimita 5 inakupa kama vitanzi 17 kwa kila sentimita 10, yaani upana wa karibu sentimita 59. Milimita 4, mkono ule ule, inakupa kama vitanzi 22, na vitanzi 100 vyako vinaishia sentimita 45 na kitu. Ulikuwa unamfumia mtoto wa darasa la pili, umemaliza na sweta la mdogo wake. Darasani namba hazitatajwa. Tutasema milimita, na mwenye shaka achomeke sindano kwenye kibao.

Uzi nao una habari yake. Swali ninaloulizwa kuliko mengine, na lina haki, ni hili: sweta la mtumba pale Mwanjelwa ni nafuu kuliko uzi wa kulifumia, sasa mtu ajifunze kwa faida gani? Sitawadanganya wanafunzi kwamba watatajirika kwa masweta ya mkono. Seti za watoto wachanga zinauzika, hasa msimu wa baridi, kwa sababu mama wa Mbeya hamtoi mtoto nje bila kofia, hata jua likiwaka. Mengine tunafuma kwa kupenda. Lakini lile sweta la mtumba ni uzi, ukijua kulichagua.

Ligeuze ndani nje, utazame mshono wa ubavuni. Ukikuta kingo zimekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, lirudishe juu ya turubai, kwa sababu kila mstari umekatwa pembeni na utapata rundo la vipande vifupi visivyofaa hata kufungia sukumawiki. Ukikuta kingo ni nzima, vitanzi vimejipanga, na vipande vimeunganishwa kwa mshono wa mnyororo, hilo ni la kwako. Fumua mishono kwanza, kisha kila kipande uanzie pale kilipomalizikia, mara nyingi shingoni na mabegani. Yale yenye manyoya marefu yaache hata kama rangi inakuita, nywele zake zimeshikana na utamaliza jioni ukigombana nayo.

Kujua kama ni sufu au akriliki, choma ncha ya uzi. Sufu inanuka kama nywele zinazoungua na inaacha majivu yanayosagika vidoleni. Akriliki inayeyuka na kuganda kuwa kijiwe kigumu. Ukishafumua, uzungushie uzi kwenye miguu ya stuli iliyopinduliwa, ufunge sehemu nne usijichanganye, uoshe kwa maji ya uvuguvugu, uutundike na chupa ya maji chini yake ili unyooke. Sufu itanyooka vizuri. Akriliki itanyooka kiasi, na ukiilazimisha kwa pasi ya moto inalegea moja kwa moja, hairudi. Tukuyu jaribu akriliki, tafadhali. Sufu kwa mvua za kule inaweza kukaa kambani mpaka majirani waizoee.

Kwa darasa nimefumua masweta meupe na ya manjano hafifu peke yake. Uzi mweusi ni marufuku kwa mtu anayeanza, haoni kitanzi chake kiko wapi, na ukumbi wenyewe una taa moja yenye mwanga na nyingine yenye mawazo.

Sasa wafume nini? Desturi ni kumpa anayeanza skafu, kwa hoja kwamba ni mstatili na haina ujanja. Mimi naona skafu ndiyo inayoua wanafunzi. Piga hesabu. Skafu ya sentimita 20 kwa 150, kwa ule uzi wetu wa vitanzi 17, inataka vitanzi 34 kila mstari. Ukifuma mbele mistari yote, mistari hujibana na unapata kama 34 kwa kila sentimita 10, kwa hiyo ni mistari 510. Hivyo ni vitanzi 17,340. Mama mwenye genge la mboga hafiki nusu. Ataiweka chini ya kitanda na kuniambia tukikutana sokoni kwamba mambo yalimbana.

Nitawapa kofia ya mtoto, na itakuwa mstatili vilevile. Vitanzi 30, vinavyotoa kama sentimita 18 za kimo. Unafuma mbele tu, kwenda na kurudi, mpaka urefu ufike sentimita 40, ambao ndio utazunguka kichwa cha mtoto mdogo kwa kuvutika kidogo. Hiyo ni mistari kama 136, vitanzi 4,080, chini ya robo ya skafu. Unakunja katikati, unashona ubavu mmoja na juu, na kofia inatoka na pembe mbili kama masikio ya paka. Watoto wanazipenda hizo pembe, na mama aliyeshona kofia ya kuvalika huwa hataki kuambiwa aendelee. Anauliza mwenyewe.

Matatizo ya siku ya kwanza nayajua kwa majina. Anaanza na vitanzi 30, akihesabu baada ya mistari kumi ana 36 na hajui walioingia ni akina nani. Wanaingia pembeni. Anapogeuza kazi, uzi unaopita juu ya sindano unakivuta kitanzi cha mwisho mpaka miguu yake miwili inapanda juu, kimoja kinaonekana viwili, naye anavifuma vyote. Uvute uzi chini, mbele ya kazi, utazame kitanzi kirudi kuwa kimoja, ndipo uupeleke nyuma kwa kupita chini ya sindano. Mwingine anaacha katikati ya mstari ili akapakue chakula, akirudi anaelekea alikotoka. Uzi unaotoka kwenye donge lazima uwe umening'inia sindano ya kulia. Ukiuona kushoto, geuza.

Nitakaa ubavuni kwa kila mtu, kamwe si mbele yake. Ukikaa mbele, mkono wako wa kulia uko upande wa kushoto kwake, na mtu mzima mwenye haya hakuulizi, anaigiza kama anavyoona. Wenye kutumia mkono wa kushoto nitawafundisha kama wengine. Najua wapo watakaobisha, lakini kufuma kunatumia mikono yote miwili, na atakayejifunza kinyume atasoma kila mtindo kinyume maisha yake yote.

Kijana wa bodaboda amenipigia simu kuulizia kama kweli hii si kazi ya wanawake iliyoletwa na Wazungu. Nimemwambia aje, nitampa historia fupi akiwa na sindano mkononi. Vipande vya zamani kabisa vya kufuma kwa sindano tunavyovijua vilipatikana Misri, barani kwetu, na ni vya kati ya karne ya 11 na ya 14. Vingi ni soksi za pamba, nyeupe na buluu, zenye michoro ambayo mimi mpaka leo siithubutu. Na ufumaji ulipofika Ulaya, vyama vya mafundi wake vilikuwa vya wanaume. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama soksi zitafundishwa wiki ya kwanza.

Lakini maandalizi yaliyonichukua nguvu kuliko yote ni sampuli. Mtu anayeanza hanufaiki na kofia iliyokamilika. Anaitazama, anaisifu, anaiweka mezani, na mikono yake haijui chochote zaidi ya ilivyojua. Anachohitaji ni kazi iliyosimama pale pale alipokwama yeye, aishike, ailinganishe na yake. Kwa hiyo nimefuma kofia sita na kuziacha njiani kwa makusudi. Ya kwanza ina vitanzi 30 tu juu ya sindano. Ya pili ina mistari minne. Ya tatu imeongezeka pembeni, 30 imekuwa 34, ili waone kosa linavyofanana. Ya nne ina kitanzi kilichodondoka na kufumuka mistari mitano, nimekishika kwa pini. Ya tano ni mstatili uliofungwa bila kushonwa, na ya sita imeshonwa nusu. Kumbe miaka yote watu wakinisema kwa kutomaliza, nilikuwa nafanyia mazoezi ualimu. Hata sweta la kijani litaenda Jumamosi, maana lile kwapa lisilo na mkono linaonyesha mahali pa kupunguza vitanzi vizuri kuliko mchoro wowote.

Shangazi amekuja juzi na ndizi na maparachichi, akazikuta sampuli zimepangwa mezani.

"Huyu mtoto kofia yake ni ipi?"

"Hakuna mtoto, shangazi. Hizi ni za darasa."

"Darasa la kuacha kazi njiani?"

Nilimweleza yote, ya vitanzi 30, ya kosa la makusudi, ya pini. Alisikiliza hadi mwisho kwa upole ule wa mtu mzima anayekusubiri umalize. Nikamwandalia kitanda, nikalala.

Asubuhi nimekuta kofia tatu zimekamilika. Kile kitanzi kilichodondoka kimepandishwa mistari yote mitano na huwezi kuona kilipopita. Ya tatu imefumuliwa, ikafumwa upya kwa vitanzi 30 kamili na kushonwa. Ya sita imemaliziwa, ikaongezewa kishada cha uzi kila pembe. Ni nzuri kuliko zangu, hazina dosari hata moja, na darasani hazinifai kitu. Nimeshukuru, "ndaga fijo, shangazi," naye akaniuliza lile blanketi lililotolewa sindano limekaaje kaaje pale kikapuni.

Anarudi Tukuyu Ijumaa mchana. Sampuli mpya nitazifuma Ijumaa jioni.